Tairi la Nyuma, Upande wa Ndani

Watu walimwita Mama Umeme, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Lilimjia kwa sababu ya gari. Kabla ya gari alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika kutoka jikoni mpaka lango kuu, aliyezoea kuamrisha masufuria na watu kwa namna moja. Mumewe alikuwa fundi wa umeme, mpole, mtu wa kujibu baada ya kufikiri. Wenyewe walisema ndiyo maana ndoa yao ilidumu: mmoja aliongea, mwingine alisikiliza, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kazi.

Siku mume alipolileta lile gari hakumwambia mtu. Lilikuwa la umeme tupu, limeshatumika na wengine huko lilikotoka, lakini bado linang'aa. Mke alitoka nje kumwaga maji ya kuoshea vyombo akalikuta limesimama mlangoni, na mumewe ndani yake anacheka peke yake.

"Limefikaje hapa?"

"Kwa kutembea."

"Mbona sikusikia?"

"Ndiyo uzuri wake," mume akasema.

Tangu siku hiyo gari lilioshwa kuliko mwenye gari alivyooga. Mke akaanza kuliita mke mwenza. Akimwona mumewe amejikunja chini yake na tochi mdomoni, alimuuliza kwa sauti ya mtaa mzima kusikia: "Leo unakula kwangu au kwa mwenzangu?" Majirani walishika mbavu. Mume alicheka naye, akatoka amejaa vumbi, akala.

Mwaka haukutimia. Kiharusi kilimwangusha bafuni asubuhi moja na hakuinuka tena. Aliacha nyumba ya vyumba viwili, sanduku la koleo na bisibisi, na gari. Shemeji walitaka liuzwe. Mjane alikataa bila kujua kwa nini anakataa, kisha akaenda kujifunza kuendesha akiwa na umri wa kuitwa bibi. Mgongo wake ulikuwa umeshachoka na masufuria ya shule. Alipopata leseni aliaga jikoni, hakurudi hata kuchukua aproni yake.

Kazi ya kubeba wagonjwa ilianza kwa jirani mmoja aliyekuwa akienda hospitali kusafishwa damu, figo zake zikiwa zimekufa. Jirani aligundua kwamba lile gari halitikisiki na halinuki mafuta, na wagonjwa wa figo, wakitoka kwenye mashine wamelegea kama nguo iliyokamuliwa, harufu ya mafuta huwatapisha. Habari ikasambaa kwenye benchi la wodi. Muda si mrefu Mama Umeme alikuwa na wagonjwa wake wa kudumu, na katika hao hakuna aliyemzoea kama Refa.

Refa alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye miguu iliyovimba. Maisha yake yote alichezesha mpira, kuanzia mechi za watoto mpaka ligi, na alikuwa amepigwa mawe, chupa, na mara moja kiatu cha kipa. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Aliishi na binti yake wa pekee, muuzaji wa duka la dawa, aliyeondoka nyumbani mapema na kurudi amechoka. Binti ndiye aliyemtafuta Mama Umeme. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na pochi mkononi, akasema, "Mama, nakukabidhi baba yangu. Sina mwingine."

"Nimempokea," Mama Umeme akajibu. "Nitamrudisha kama nilivyomchukua, na pengine na tabasamu juu yake."

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Refa aliketi kiti cha mbele, blanketi lake mapajani, akimchezesha dereva kama mchezaji. Mama Umeme akipita karibu mno na baiskeli, mzee aliinua kidole: "Kadi ya njano hiyo." Akimtukana mwenye lori, alioneshwa nyekundu na kuamriwa atoke uwanjani.

"Nikitoka nani atakuendesha?"

"Tutacheza pungufu."

Walibishana kila kitu isipokuwa uamuzi. Hapo mzee hakuwa na mchezo. Alichukia watu wanaomzonga mwamuzi. Alisema mtu akishapewa kazi ya kuamua, hata akikosea, unaweka mikono nyuma na kurudi kwenye nafasi yako, la sivyo hakuna mpira, kuna vurugu. Mama Umeme, ambaye maishani mwake hakuwahi kuweka mikono nyuma, alimwambia hiyo ndiyo sababu waamuzi wanaishi na waamuzi wanakufa na uwanja unabaki mbovu vilevile.

Shida ilikuwa matairi.

Mwanzoni alidhani ni yeye, kwamba hajui kuendesha. Matairi aliyoachiwa na marehemu yalikwisha upesi, akanunua mengine, ya mwisho yaliyokuwepo mjini, nayo yakaanza kulia barabarani, mvumo wa chini uliopanda kadiri gari lilivyoongeza mwendo, na kwa kuwa gari lenyewe halina sauti, mvumo huo uliwajaa masikioni. Alilipeleka kwa fundi wa matairi aliyekuwa na kibanda jirani na kituo cha mafuta, mtu wa maneno machache, mwenye vidole vyeusi visivyotakata tena. Fundi alilipandisha kwa jeki kubwa, akalalamika uzito, akalitoa tairi la nyuma la kushoto na kulilaza chini.

"Liangalie kwa nje," akasema.

Mama Umeme aliangalia. Lilikuwa zima, kashata zake za mpira zimesimama vizuri.

"Sasa pitisha mkono kwa ndani."

Alipitisha akauondoa haraka. Ukingo wa ndani, ule unaotazama chini ya gari na ambao hakuna mtu anayeuona, ulikuwa umeliwa mpaka kipara, na mahali pamoja nyuzi za chuma zilikuwa zimechomoza kama miiba.

"Betri imelala tumboni humo," fundi akamweleza. "Gari hili zito kuliko linavyoonekana. Na likiondoka linaondoka kwa nguvu. Magurudumu ya nyuma yameinama kidogo kwa ndani, basi tairi linaliwa upande huo huo kila siku. Siyo wewe, mama. Wenzako nao wananiletea."

"Basi niwekee jingine."

"Saizi hii sina. Mjini hapa hakuna. Nikikuwekea la kawaida halitahimili huo uzito, litanifia mkononi. Agiza kwa walioyaleta."

Aliagiza. Kampuni iliyoleta magari ilimjibu kwamba matairi yako melini, na kwamba ajaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni. Kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari ya umeme, alilokuwa akilisoma kwenye benchi la hospitali huku akisubiri wagonjwa, kila mtu alijibiwa hivyo hivyo. Mmoja rimu yake ilipasuka kwenye shimo ambalo magari mengine yalipita yakicheka. Mwingine gari lilikuwa likitetemeka mikono ikafa ganzi, kumbe sponji iliyogandishwa ndani ya tairi ili kupunguza kelele ilikuwa imebanduka na kujikusanya upande mmoja. Wote walilia kilio kimoja juu ya tairi la akiba: halikuwepo. Mahali pake waliwekewa kopo la gundi na pampu ndogo. Jaza upepo kwa kipimo, waliambiwa.

Fundi alimrudishia lile tairi kwa kusitasita. "Hapa hapa mjini, taratibu, utavutavuta siku. Barabara kuu usithubutu."

Alimweleza Refa yote, kwa sababu Refa alikuwa mtu wa kuelezwa. Mzee alisikiliza, akavuta blanketi.

"Mchezaji ana maumivu ya goti, lakini kocha hana wa akiba," akasema. "Cheza iendelee."

Kisha ikaja wiki mbaya. Jumatano walifika hospitali wakakuta wagonjwa wamekaa nje na hakuna anayeingizwa. Mtambo wa kuchuja maji ya mashine ulikuwa umeharibika. Nesi alipita akiwaambia mmoja mmoja kwamba kesho waende hospitali kubwa ya mji wa pili, wamepigiwa simu, watapokelewa. Refa alirudi nyumbani na sumu yake mwilini, uso umejaa, pumzi fupi.

Binti aliposikia alisema ataomba ruhusa kazini, atafute gari la kukodi.

Mama Umeme alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Angeweza kusema. Neno lilikuwa pale pale, la tairi na barabara kuu. Lakini hakuwahi kumwangusha mgonjwa hata mara moja, na jambo hilo lilikuwa fahari yake, pengine fahari pekee aliyobaki nayo tangu azikwe mumewe. Pia alimwona binti jinsi alivyosimama kwa mguu mmoja, akiwaza atakavyomkabili mwenye duka.

"Nenda kazini kwako," akasema. "Baba nitampeleka mimi."

Refa, kutoka kitini, alimtazama dereva wake. Hakusema kitu.

Waliondoka asubuhi na mapema. Aliendesha taratibu, malori yakampita yakipiga honi, na hakuna hata mmoja aliyetukanwa. Refa alisema leo hajui aonyeshe kadi gani kwa mtu anayecheza kwa adabu namna hii. Walipita mashamba, wakapita machimbo ya kokoto, na mvumo wa lile tairi ukawa nao muda wote, mpaka wakauzoea na kuacha kuusikia.

Lilipasuka kwenye mteremko baada ya machimbo. Mlio wake ulikuwa mkavu, na nyuma ya gari ikakaa chini ghafla na kuanza kuvuta pembeni. Mama Umeme alishika usukani kwa nguvu zote za mikono iliyogeuza masufuria ya wanafunzi mia kadhaa, akaliweka gari kwenye changarawe. Vumbi liliwapita. Wote wawili walikaa wakipumua.

"Umeumia?"

"Sijaumia," Refa akasema. "Moyo tu unataka kubadilishwa."

Alishuka kutazama. Tairi lilikuwa limechanika ukingo mzima wa ndani, na rimu imekaa juu ya matambara ya mpira. Kopo la gundi alilitazama akalirudisha. Alipiga simu kwa kampuni, akaambiwa gari lisivutwe kwa kamba wala kwa ndoano kwa kuwa magurudumu yake hayaruhusiwi kuzungushwa na gari jingine, mota itaungua, litafutwe lori la kulibeba zima zima. Lori lilipatikana mji wa pili, lakini lilikuwa kazini. Litakuja likimaliza.

Jua lilipanda. Ndani ya gari kulikuwa na ubaridi wa mashine na ukimya, na midomo ya Refa ilianza kuwa na rangi ya majivu. Mama Umeme alisimama katikati ya barabara akapunga mikono yote miwili. Magari yalimkwepa. Mwisho ilisimama pikapu iliyobeba makreti ya nyanya, mwenye pikapu na mkewe wakiwa mbele. Nafasi ilikuwa moja, ya kubanana.

"Mpandishe mzee, tunapita hapo hapo hospitali," mwenye pikapu akasema. "Wewe ukitaka kaa nyuma na nyanya."

Aliwaza. Hilo ndilo aliloendelea kuliona baadaye, kwamba alipata muda wa kuwaza. Gari likiachwa peke yake kwenye mteremko ule, wachimba kokoto na wapita njia wangelivua taa, vioo, magurudumu matatu yaliyobaki. Alikuwa ameona magari yaliyoachwa hapo yakiwa yamekalia mawe. Halafu lori lingekuja na kukuta hakuna mtu. Halafu wagonjwa wengine wangebebwa na nini? Na marehemu alilioshaje lile gari.

Refa alimrahisishia, au alijaribu. "Baki na mke mwenzako," akasema, akimshika bega ili apande. "Mimi kufika nitafika. Kazi yenyewe ni kulala tu kitandani na kuunganishwa mirija."

"Ukifika unipigie."

"Nitapuliza filimbi."

Alimwekea blanketi mapajani, akamfungia mlango. Pikapu iliondoka.

Simu ilikuja kabla ya adhuhuri. "Nimefika," Refa akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida. "Usiwe na wasiwasi. Nipo wodini, kwenye benchi." Akamwambia na binti yake maneno hayo hayo. Kila mmoja wa wanawake wale wawili, mahali pake, alishukuru na kuendelea na shughuli.

Ambalo hakuwaambia, waliambiwa baadaye na mfagiaji wa wodi. Wagonjwa wa kutoka mji wao walikuwa wamefika mapema kwa mabasi na magari ya kukodi, wakapangwa. Nafasi ya Refa ilingoja kidogo, kisha ikapewa mwingine. Alipotokea akijikokota, nesi aliyekuwa na watu wengi mbele yake kuliko mikono, alimwambia bila kumtazama sana kwamba amechelewa, mashine zote zina watu, arudi kesho asubuhi. Refa alisema, "Sawa, sista." Hakumwambia kwamba jana hakusafishwa. Hakumwambia kwamba hawezi kurudi kokote. Aliuliza kama anaweza kukaa kwenye benchi, akaruhusiwa. Alijifunika blanketi, akaegemeza kichwa ukutani.

Mfagiaji alipita akamwona amelala. Akapita tena na ndoo, bado amelala. Mara ya tatu alisimama.

Lori la kubeba magari lilikuja alasiri. Dereva wake alikuwa mcheshi, na Mama Umeme, akiwa na njaa na jua kichwani, alijikuta akichangamka. Walilivuta gari juu kwa winchi polepole, likapanda bila mkwaruzo, likafungwa minyororo. Alikuwa amekaa kwenye lori, akimsimulia dereva habari za mke mwenza aliyerithishwa kaburini, na dereva akipiga usukani kwa kicheko, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya binti.

Alipokea akiwa bado anacheka.

Refa alizikwa Jumamosi. Walikuja wazee wengi wembamba, waamuzi wenzake, wakasimama mstari mmoja mikono nyuma. Mama Umeme alikaa kule nyuma walikokaa wasio ndugu. Alipika kwenye msiba, kwa kuwa masufuria yalikuwepo na mikono yake ilijua la kufanya, lakini hakuna aliyemsikia sauti.

Binti alimfuata baada ya wageni kupungua. Alimkuta uani, anasugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu kiasi cha magoti kugusana. Hakuwa analia.

"Mama, naomba nikuulize. Kwa nini hukwenda naye?"

Mama Umeme alikuwa na majibu. Alikuwa ameyapanga usiku na mchana: nafasi ilikuwa moja, gari lingevuliwa, mzee mwenyewe alisema. Alifungua mdomo, likatoka moja tu.

"Nilibaki na gari."

Binti aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha jina la dawa. "Ungekuwepo, ungempigia kelele yule nesi."

"Ningempigia."

"Ungelala chini pale wodini mpaka wampe mashine."

"Ningelala."

"Baba hakuweza. Unamjua. Na tairi? Fundi wa kibandani alikuja kutoa pole. Anasema alikukataza barabara kuu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia niende kazini."

Hapo lilimjia la mwisho: kwamba mzee naye alijua, kwamba alimwambia kila kitu, na kwamba alikaa kwenye kiti chake akanyamaza. Lilikuwa kweli. Lingempunguzia mzigo, labda nusu yake. Alimtazama yule msichana, macho makavu, kanga imefungwa vibaya kiunoni.

"Nilikuambia uende kazini," akasema.

Binti aliinuka, akaiweka ndoo ukutani mahali pake. "Asante kwa kupika," akasema, na hakumsemesha tena. Miezi ilipita, wakikutana dukani au njiani, msichana alitazama pembeni, bila hasira, kama unavyopita nyumba ya mtu usiyemjua. Baadaye alihamia tawi jingine la duka.

Matairi yalishuka melini siku zilizofuata mazishi. Fundi aliyavalisha yote manne, akakataa kupokea ujira, na hilo Mama Umeme aliliona kuwa adhabu. Alikusudia kuliuza gari. Alipigiwa simu na mgonjwa mmoja, akasema hafanyi tena kazi hiyo. Akapigiwa na mwingine. Mama wa watoto wadogo, anayetapika kwenye magari ya mafuta, alimpigia Jumapili akamwambia tu: "Kesho ni Jumatatu, mama." Jumatatu akaenda.

Gari likala matairi yale mapya kama lilivyokula ya kwanza. Kila mwisho wa wiki alilala chali chini yake, kwa shida ya mgongo, akapitisha kiganja upande wa ndani. Kuliosha aliacha. Mizaha aliacha pia. Wagonjwa waliomzoea walidhani ameanza kuzeeka.

Hospitalini wakaanza kumchukia. Alikuwa hamshushi mgonjwa langoni na kwenda benchi la nje kama madereva wengine. Aliingia naye wodini na viatu vyake vya vumbi, akasimama pembeni ya kitanda mpaka mirija iunganishwe na damu ianze kuzunguka. Nesi mpya, aliyekuwa hajui habari zozote, alimkabili asubuhi moja.

"Wewe ni nani wake?"

"Dereva."

"Madereva wanasubiri nje, mama. Tafadhali."

"Nimesikia," Mama Umeme akasema.

Nesi alisubiri aondoke. Mgonjwa kitandani alifumba macho kwa aibu. Mama Umeme alivuta kiti kilichokuwa ukutani, kikakwaruza sakafu, akakaa.